Kichupa Kwenye Kopo la Maziwa

Kolo, Kondoa
9 Juni 2025

Mkwe wangu mpendwa, Mama Kefa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ninyi Waanglikana hamna itikio la salamu hii, lakini mimi nasalimu ninavyojua, wewe itikia utakavyoweza. Hamjambo hapo Ipagala? Castory amerudi kutoka porini au bado anapima ardhi za watu? Na mume wangu Kefa, hajambo? Mwambie mke wake mkubwa wa Kolo anamsalimu na anauliza mahari imefikia wapi.

Mimi ni mzima, ila kiuno kinanikumbusha miaka yangu kila ninapoinama. Alizeti tumevuna, si haba. Mbuzi mmoja amezaa pacha.

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji nilipokuwa nachungulia bomba, na tangu siku hiyo inawaka taa tu, haisemi. Hasani wa dukani huniazima yake, lakini huyo akipokea simu anaweka spika, duka zima linajua habari zako kabla hujazijua wewe. Mambo ya dawa ya mtoto siwezi kuyasema mbele ya wanunuzi wa sukari.

Castory aliniambia kwamba Kefa pua imeziba na hapati usingizi kwa vumbi la huko. Ndiyo maana nakutumia kichupa hiki. Unakumbuka nilikuambia kuhusu kikundi chetu cha wanawake tisa? Tulifundishwa kukamua mafuta ya majani. Tunajaza pipa majani ya mkaratusi, tunawasha moto chini, mvuke unapita kwenye bomba lililozama kwenye maji baridi, na upande wa pili yanatoka maji ambayo juu yake yanaelea mafuta. Magunia mawili ya majani, kuni za siku nzima, tunapata kichupa kimoja kama hicho ulichoshika. Hicho ndicho cha mwisho nilichokuwa nacho, nimekuwekea wewe.

Mpake kifuani na puani asubuhi na jioni. Matone matatu yatie kwenye kijiko cha maziwa yako, ayanywe. Usiogope. Castory nilimlea kwa majani hayohayo, nikimfukiza ndani ya khanga kila baridi ilipoingia, na kifua chake unakijua.

Nimeziba kwa nta ya mshumaa ili konda Mazengo asilalamike. Ukikifungua, nyumba yote itanuka wiki nzima, nguo, unga, hadi maji ya kunywa. Mimi mwenyewe siisikii tena harufu hiyo, pua imeshazoea, ila kanisani nimegundua benchi langu lina nafasi siku hizi.

Nijibu upesi.

Mama yako,
Paulina


Ipagala, Dodoma
17 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kiuno kimetulia. Sisi tunaendelea vizuri. Castory alirudi siku tatu, akala, akalala, akaondoka tena kwenda Kiteto, na huko simu yake haipatikani. Kazini nimesharudi, nashinda masjala nikipanga mafaili ya watu, na Kefa anabaki na dada yangu Hilda ambaye wiki hii yuko likizo. Mume wako anakusalimu. Anasema mahari ataleta meno yakishaota.

Mama, nashukuru sana kwa dawa. Imefika salama, Mazengo alinikabidhi mkononi. Tumeitumia kama ulivyoelekeza, na Kefa sasa pua imefunguka, analala vizuri. Kwa kweli imetusaidia. Mungu akubariki kwa kutukumbuka.

Naandika hapa mezani nyumbani akiwa amelala, kwa hiyo nisamehe kwa ufupi. Wasalimie wote.

Mkweo,
Lydia


Kolo
30 Juni 2025

Mama Kefa, mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo wote? Mimi leo sina kiuno, sina goti, sina ugonjwa wowote. Erica amejifungua. Unajua wifi yako alikuja kuzalia kwangu, ndivyo tunavyofanya kwa uzazi wa kwanza, simu yake kamwachia mumewe, na tarehe 22 amepata mtoto wa kike, mkubwa, ana nywele kama amekuja na kofia. Tumemwita Yasinta, jina la mama yangu. Kwa hiyo kaa ukijua kwamba una mama mkwe mwingine sasa, na huyu analia kuliko mimi.

Barua yako nimeiweka ndani ya Biblia yangu ya zipu. Nisikufiche, ilinitoa machozi kidogo. Tangu uolewe nilikuwa nadhani hunitaki. Siku ile ya kwanza ulipokuja ukaacha mlenda wangu nusu bakuli, nilisema moyoni, huyu msomi wa Dodoma ataniona mshamba mpaka nife. Kumbe nimekukosea. Umechukua dawa yangu ukampa mtoto wako wa kwanza, kitu gani kingine mtu anaweza kumwamini mwenzake nacho?

Nimewaeleza wanawake wa kikundi kwamba mjukuu wangu wa miezi mitano amepona kwa mafuta yetu, na kwamba barua ya ushahidi ninayo. Wanne wenye vichanga wameagiza palepale. Na huyu Yasinta naye tangu juzi pua inapiga mluzi akinyonya. Erica anahangaika. Nimemwambia atulie, Ijumaa tarehe 4 tunakamua, na jioni hiyohiyo mtoto atapata matone yake. Kwa kuwa ni mdogo sana nitampa mawili badala ya matatu.

Nilitaka tu ujue kwamba ni wewe uliyenipa moyo.

Mama yako anayekupenda,
Paulina


Ipagala
3 Julai 2025, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo siulizi habari. Barua yako ya tarehe 30 nimeipata dakika hii, Mazengo alikuwa hayupo zamu. Nimepiga simu ya Hasani mara sita, haipatikani. Naandika nimesimama stendi, na nimemwambia Mazengo asimpe mtu mwingine yeyote.

Tafadhali usimpe Yasinta mafuta. Usimpake, usimnyweshe, hata tone moja. Na wale mama wanne uwaambie hivyohivyo.

Mama, nilikudanganya. Kefa hajawahi kupata dawa ile. Sikuifungua kabisa. Siku ilipofika nilimwonyesha dada Hilda, ambaye ni nesi wa kliniki ya watoto, yeye ndiye huwapima uzito. Alisoma barua yako, akaniuliza, hivi majani gunia mbili yamo humu? Nikasema ndiyo. Akasema, mama mkwe wako alimlea mtoto kwa majani kiganja kimoja ndani ya sufuria ya maji, na mvuke ukamgusa kwa mbali. Huyu wa sasa mnataka kumpa msitu mzima kwenye kijiko. Alisema mafuta ya mkaratusi mtoto mchanga akiyanywa anaweza kulegea, akapata degedege, akashindwa kupumua. Hata kumpaka karibu na pua tu kunaweza kuifunga pumzi yake. Akanikataza kukifungua ndani ya nyumba.

Nikaweka kichupa kwenye kopo tupu la maziwa, nikafunika, nikaliweka juu ya kabati la jiko la nje. Hata barua yako niliianika kwenye kamba ya nguo. Kefa pua ilifunguka yenyewe kwa matone ya maji ya chumvi aliyoyatengeneza Hilda.

Nilipaswa kukuandikia hayo. Nilikaa mezani na kalamu nikashindwa. Nilikumbuka ule mlenda. Nilijua uliiona ile nusu bakuli, na nilijua ulinyamaza. Mama, siku ile nilikuwa na mimba changa ambayo sikuwa nimemwambia mtu, kila kitu kilikuwa kinanirudia. Nikasema, zawadi ya mama mkwe haikataliwi mara mbili. Nikaona uongo mdogo wa shukrani hautamdhuru mtu. Sikufikiri kwamba utausoma mbele ya watu na kuutumia kama cheti.

Kama Yasinta amedhurika, ni mimi. Si wewe, ni mimi.

Lydia


Ipagala
5 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui kama ile barua ya juzi ilikufikia. Jana ilikuwa Ijumaa. Hasani bado hapatikani. Castory bado yuko Kiteto. Hii naituma kwa basi jingine.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumatatu asubuhi napanda basi mimi mwenyewe na Kefa mgongoni. Sili, Mama. Nikimwangalia Kefa anavyopumua naona aibu kwamba yeye anapumua.

Lydia


Kolo
6 Julai 2025

Mama Kefa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kaa kwanza, kama umesimama.

Yasinta hajambo. Hakupewa. Hakupakwa. Amenyonya sasa hivi na amemtapikia bibi yake begani kwa afya njema.

Haya, sasa nikueleze vizuri. Huyo Mazengo wako uliyemwamini alisinzia, basi likapita Kolo, akaenda na barua mpaka Babati. Huko gari likaharibika. Ameniletea leo nikitoka misani, na ile ya pili imefika saa moja baadaye, nikazisoma zote mbili nikiwa nimeketi kizingitini. Kwa hiyo ujue kwamba Ijumaa ilipita bila neno lako.

Tulikamua kama kawaida, na wale wanne nikawagawia kidogo kidogo kwenye vichupa vyao. Jioni nikaingia ndani na kichupa kipya. Erica alikuwa amempakata mtoto. Nilikuwa nimeshaosha kijiko. Erica akaanza maswali, unajua alivyo, mama una uhakika, mama huyu ana siku kumi na mbili. Nikaudhika. Nikafungua Biblia, nikatoa barua yako, nikamwambia, msomi mwenzako huyu hapa, soma mwenyewe. Akaisoma. Halafu badala ya kunirudishia akaisogeza puani. Akainusa mbele, akainusa nyuma.

Akasema, "Mama, karatasi hii inanuka sabuni ya mche na maziwa."

Nikamwambia, sasa ulitaka inuke nini, ina mtoto mchanga hiyo nyumba. Akasema, "Mimi niko hapa kwako wiki tatu. Nywele zangu zinanuka mkaratusi, khanga zinanuka, jana chai ilinuka. Wewe husikii kwa sababu pua yako imezoea. Lydia anakaa vyumba viwili, anampaka mtoto asubuhi na jioni, halafu anakuandikia kwenye meza ileile, na karatasi isinuke? Kichupa hicho hakijafunguliwa, Mama."

Nilitaka kumzaba kibao. Lakini nilikaa na kijiko mkononi nikifikiri. Shahidi wangu alikuwa mmoja tu, wewe, na ushahidi wako haukunuka. Hakuna mtoto mwingine aliyewahi kuyanywa. Nilikuwa nimewatangazia wanawake dawa ambayo sijui imempa nani nafuu. Nikarudisha kijiko. Jumamosi tulimbeba Yasinta tukaenda zahanati, wakamsafisha pua kwa maji ya chumvi, wakasema anyonye sana, basi. Mluzi umekwisha.

Kuanzia Ijumaa hadi leo asubuhi nilikukasirikia, usidhani sikukasirika. Nilisema Lydia kanidharau, kaitupa dawa yangu, halafu kanichezea kwa maneno matamu. Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua ambayo ungeikumbuka. Leo nimesoma zako, nikalia, kisha nikacheka peke yangu mpaka mbuzi wakanitazama. Nikuambie kwa nini. Nilipomzaa Castory, bibi yake wa kuumeni aliniletea mzizi wa kuchemsha, mchungu, unanuka kama mkojo wa popo. Ninywe vikombe viwili kwa siku. Nilikuwa namwaga nyuma ya nyumba kwenye mpapai. Nikamwambia, mama, maziwa yamejaa kwa dawa yako. Mpapai ule ulizaa miaka sita, na yeye akafa akiwasimulia watu jinsi alivyonitibu. Kwa hiyo nitakuhukumu kwa mdomo gani?

Lakini hili nalisema kwa ukali na ulishike. Mimi si simba. Ungeniandikia, mama, Hilda amekataza, ningenuna siku mbili, ningepona. Mpapai haukumdhuru mtu. Uongo wako ulifika mpaka kwenye kijiko, na bila pua ya Erica leo ningekuwa nakuandikia mambo mengine, au nisingeandika kabisa.

Na mimi kosa langu nimeliona. Nilidhani mafuta na majani ni kitu kimoja kwa kuwa vimetoka mti mmoja. Leo mchana nimekwenda nyumba nne kwa miguu, moja baada ya nyingine, nikasema, rudisheni vichupa, nilikosea, msiwape watoto. Wote hawakuwa wameanza, walikuwa wanasubiri kumwona Yasinta kwanza. Paulina kusema nilikosea mara nne kwa siku moja, wewe hujui ilivyoniuma. Kiuno ni nafuu.

Kuhusu mlenda, ungesema una mimba. Nimekula hasira ya bure mwaka mzima.

Sasa niulizie Hilda jambo moja, na anijibu kweli. Je, tumekamua dawa au tumekamua sumu? Wenzangu wamekata kuni, wamebeba majani, mwaka mzima. Kama ni sumu, nitalipindua pipa mwenyewe nipandie mchicha. Nataka kujua tu.

Barua hii nampa Mazengo huyohuyo, basi lao limeshinda hapa likitengenezwa tena, linaondoka kwenda Dodoma jioni hii. Nimemwambia akisinzia tena namfukiza.

Mama yako,
Paulina


Ipagala
20 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Kefa hajambo, ana jino moja, kwa hiyo anza kujiandaa kwa mahari. Castory amerudi na ndevu. Na wewe, kiuno? Erica na mama mkwe wangu mdogo wanaendeleaje?

Barua yako Mazengo alinipa stendi, tayari mguu mmoja umo ndani ya basi. Nilisoma mstari ule wa Yasinta hajambo, nikashuka, nikakaa juu ya begi langu katikati ya watu na kulia, Kefa akanivuta sikio. Mama mmoja muuza karanga akanipa pole akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, hajafa mtu. Akasema basi lia tu mwanangu, hicho ni kilio kizuri.

Sina la kujitetea. Umesema kweli kwamba uongo wangu ulifika kwenye kijiko. Kazini kwangu kila barua inapigwa mhuri na kuandikwa imepokelewa lini, na mimi ndiye ninayewakemea wenzangu wakiandika kitu kipo wakati hakipo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye pua ya wifi. Sitakudanganya tena, hata kwa mlenda.

Sasa jibu la Hilda. Nimemsomea swali lako kama ulivyoliandika. Alicheka, kisha akasema: mwambie Mama amekamua dawa, ila dawa ya watu wazima. Si ya kunywa, kwa mtu yeyote. Mtu mzima mwenye mafua atie matone mawili matatu kwenye beseni la maji ya moto, ajifunike khanga, afumbe macho, avute. Mwenye kifua au mgongo unaouma achanganye tone na kijiko cha mafuta ya alizeti ndipo ajipake, asijipake yenyewe matupu. Vichupa vikae juu, mbali na mikono ya watoto. Mwenye pumu aulize zahanati kwanza. Na vichanga wasisogezwe karibu. Anasema pia kiuno chako kinafaa kuwa mteja wa kwanza.

Kwa hiyo usipindue pipa, Mama. Mchicha upande pembeni.

Nimekuwekea ndani ya bahasha vibandiko sitini. Nimeviandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, kama ninavyoandika juu ya mafaili: MAFUTA YA MKARATUSI, KOLO. YA WATU WAZIMA TU. SI YA KUNYWA. SI YA WATOTO. Vikiisha niambie. Kama kuna mtu wa kuandika maneno hayo, ni mimi.

Na lingine. Wiki iliyopita nilishikwa na mafua hadi masikio yakaziba. Jana Castory akamchukua Kefa wakaenda kwa jirani. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha lile kopo la maziwa, nikabandua nta yako. Nilifanya kama Hilda alivyosema, uani, beseni, khanga, matone mawili. Mama, mwanzoni macho yalinitoka machozi nikadhani nimekosea tena. Kisha kitu kikaachia hapa katikati ya paji la uso, nikavuta hewa, na kitu cha kwanza nilichosikia baada ya siku tano ni harufu ya maharage yangu yakiungua jikoni. Nikakimbia nikicheka na khanga kichwani.

Usiku nililala. Castory anasema nilikoroma, lakini yeye si shahidi wa kuaminika.

Safari hii sikuombi uniamini kwa maneno. Kefa yuko tena kwa jirani na baba yake, nami nimeshika kichupa hapa uani kabla ya kuandika, na pembeni hapo chini, kwenye alama ya duara, nimedondosha tone moja. Wewe najua hutasikia kitu. Mpe Erica anuse, ila amlaze Yasinta chumba kingine kwanza.

Mkweo anayenuka,
Lydia